Nafasi ya Vigelegele

Miongoni mwa itikadi zilizoenea katika vyumba vya kurekodia nyimbo majumbani, kuanzia Majengo na Pasua mjini Moshi hadi kwenye vihamba vya Machame, Kibosho na Marangu, hakuna iliyopokelewa kwa utii mwingi na kuchunguzwa kwa uchache kama hii: kwamba sauti njema ni sauti kubwa, kwamba kipimo sharti kicheze karibu na nyekundu, na kuigusa mara mojamoja, ili wimbo upate nguvu, na kwamba lolote litakaloharibika njiani litatengenezwa baadaye kwenye miksi. Nimeisikia kwa vijana walionunua kompyuta na maiki yao ya kwanza, nimeisikia kwa walimu wa kwaya wenye mvi, na, ili nisije nikadhaniwa kuwa najitakasa, nakiri kwamba mimi mwenyewe niliiamini kwa miaka kadhaa na kuwafundisha wengine. Leo nasimama kuikanusha, shauri lake la kwanza, la pili na la tatu, kwa sababu taksiri ninayoijua vizuri kuliko zote ni ile niliyoitenda kwa mkono wangu.

Insafu inataka kwanza tuitazame hoja hii mahali ilipozaliwa, kwa kuwa haikuzaliwa na upumbavu. Mji wetu si mgeni katika kazi ya kunasa sauti: tangu miaka ya 1960 studio ya Sauti ya Injili ya Walutheri ilitayarisha hapa Moshi vipindi vya Kiswahili vilivyopelekwa Addis Ababa kurushwa na kituo cha Radio Voice of the Gospel, kilichofunguliwa mwaka 1963 na kutwaliwa na serikali ya Ethiopia mwaka 1977. Zama hizo sauti ilinaswa kwenye utepe wa sumaku, na utepe ulikuwa na tabia mbili ambazo fundi asiyezijua hakustahili kuitwa fundi. Tabia ya kwanza ni kwamba ulikuwa na mvumo wake wenyewe, mnong'ono wa kudumu unaosikika hata pale ambapo hakuna aimbaye, hivyo aliyerekodi sauti ndogo alimkabidhi msikilizaji wimbo uliozama katika mvumo huo. Tabia ya pili ni kwamba utepe ukilishwa kupita kiasi haukukataa ghafla, bali ulishiba polepole na kuvilainisha vilele vya mawimbi, mfano wa mzee mstahimilivu anayemwonya mtoto kwa jicho kabla ya kuinua fimbo. Fauka ya hayo, kipimo cha sindano cha siku zile, kilichobuniwa Marekani mwaka 1939, kilionyesha wastani wa sauti na si vilele vyake, na juu ya nyekundu yake palibaki nafasi nzuri ya kupumulia. Kwa fundi wa utepe, basi, kuisukuma sindano hadi ukingoni mwa nyekundu kulikuwa hekima, na aliyefanya hivyo alijua anakimbia nini na anakimbilia wapi.

Kosa letu sisi warithi ni kwamba tumerithi amri na kuiacha sababu kaburini. Kompyuta haina utepe, ina tarakimu. Sauti inapoingia kwenye saundi kadi, kimo cha wimbi hupimwa mara nyingi mno kwa kila sekunde, mara 44,100 kwa kaida ya sidii, na kila kipimo huandikwa kama namba, na namba hizo zina mwisho. Katika kaida ya biti 16, namba kubwa kuliko zote ni 32,767, nao mafundi wameiita dari hiyo desibeli sifuri, wakihesabu kila kilicho chini yake kwa alama ya kutoa. Wimbi likihitaji 40,000 litaandikwa 32,767. Likihitaji 60,000 litaandikwa 32,767 vilevile. Wala hakuna mahali popote katika faili panapohifadhi habari ya kile kilichozidi. Kilele kilichokuwa mviringo hutoka kimelala sawa kama meza, na pembe za meza hiyo ndizo zinazozaa mkwaruzo ambao watu wetu, bila kusoma kitabu cha uhandisi, wameupatia jina lililo sahihi kabisa: sauti imepasuka. Nyekundu ya sindano ilikuwa onyo la mzee. Nyekundu ya tarakimu ni taarifa ya msiba uliokwisha kutokea.

Na msiba huo hutokea hivi. Kwaya moja ya akina mama na vijana kutoka mlimani ilikodi daladala Jumamosi moja, ikaja chumbani kwangu, chumba nilichokiziba madirisha kwa magodoro na kuta kwa mablanketi. Nikawaomba wajaribu. Wakaimba ubeti wa kwanza kwa haya ya wageni, nami nikapandisha geini, yaani kiwango cha kukuza sauti inayoingia, mpaka kijani ikawa njano, na njano ikakaribia nyekundu, nikaridhika. Mwalimu wa kwaya, mtu wa maneno machache, akaniuliza, "Kijana, na wakichangamka?" Nikamjibu kwa wepesi wa mtu asiyejua, "Usiwe na wasiwasi, mwalimu, tutashusha kwenye miksi."

Walichangamka. Katika ubeti wa tatu kayamba ziliingia, sauti ya kwanza ikapanda, na mama mmoja aliyesimama nyuma, ambaye katika majaribio hakutoa zaidi ya mguno wa kufuatisha, akatupa kichwa nyuma na kupiga vigelegele virefu vilivyotikisa magodoro dirishani. Taa ikawaka nyekundu ikaganda. Niliwaacha waendelee, kwani uimbaji ule ulikuwa umefika mahali ambapo mtu mwenye adabu hathubutu kuukatiza. Tulipokaa kusikiliza, ubeti wa kwanza ulikuwa safi, wa pili ulikuwa safi, na wa tatu ulikuwa mkwaruzo mtupu. Yule mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia kwa upole, akasema, "Baba, mbona mimi nimekuwa bati?" Hakuna aliyecheka. Walirudia mara nne, na mara zote nne wimbo ulitoka sahihi na baridi, kwa sababu furaha haiji kwa kuagizwa.

Nilijaribu kutimiza ahadi yangu ya kushusha kwenye miksi, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba shauri lile la tatu, la kutengeneza baadaye, ndilo ghururi kubwa kuliko yote. Nilikishusha kitelezi, sauti ikawa ndogo, lakini mkwaruzo ukabaki vilevile ndani ya udogo wake, maana meza iliyopunguzwa miguu haigeuki kuwa mviringo. Nikatafuta programu ya kurudisha vilele vilivyokatwa. Programu za namna hiyo zipo, na kwa mkato mdogo wa hapa na pale husaidia. Lakini zifanyacho ni kukisia, kutazama wimbi lilivyokuwa kabla ya mkato na lilivyokuwa baada yake, kisha kuchora katikati kile ambacho huenda kilikuwepo. Vigelegele vya yule mama vilirudi vikiwa vigelegele vya mtu mwingine asiyekuwapo chumbani. Wazee wa mlimani waliochimba mifongo ya kuyaleta maji ya mito ya Kilimanjaro hadi kwenye vihamba vyao hawakuhitaji kuelezwa jambo hili: maji hutawaliwa kwenye banio, pale yanapotoka mtoni, na yakishapita kwa wingi yakabomoa kingo, hakuna ustadi wa kumwagilia huko chini utakaourudisha udongo uliokwisha kwenda. Geini ya saundi kadi ndiyo banio. Vitelezi vya programu ni vijifereji vya migombani. Anayeliacha banio wazi huku akijitapa kwa ustadi wake wa vijifereji, na aangalie shamba lake asubuhi.

Hapa wenzetu hujibu kwa hoja ambayo ina sura ya elimu, nayo ni hii: ukirekodi chini unapoteza ubora, na kelele huikaribia sauti. Tuipime kwa hesabu. Kila biti moja hutoa takriban desibeli 6 za masafa kati ya sauti kubwa kabisa na mvumo wa chini. Biti 16 hutoa kama desibeli 96, na biti 24, ambazo hata saundi kadi za bei ya chini leo zinazo, hutoa 144 kwa hesabu ya karatasi, ingawa vifaa vyenyewe havifiki huko. Anayeacha desibeli 12 za juu bila kuzigusa amesamehe biti 2 kati ya 24. Anabakiwa na 22, ambazo ni nyingi kuliko utulivu wa chumba chochote cha Moshi, ambamo kuna jogoo wa jirani, bodaboda inayopanda kilima, mvumo wa umeme, na katika masika mvua juu ya mabati. Kelele inayotusumbua sisi haizaliwi na tarakimu kama ile iliyozaliwa na utepe. Inaingia kwa maiki, kwa mlango uleule unaoingiza wimbo, na ukipandisha geini mwimbaji atapanda na jogoo atapanda naye, bega kwa bega. Dawa yake ni kumsogeza mwimbaji karibu na maiki, kwani kila umbali ukipunguzwa nusu, sauti yake huongezeka kwa karibu desibeli 6 ilhali jogoo hubaki alipo. Geini haijawahi kumnyamazisha jogoo hata mmoja.

Lakini kwa nini basi watu wenye masikio mazuri hukisikia kilichorekodiwa juu wakakipenda? Hapa nitawatetea wapinzani wangu dhidi yao wenyewe: hawasemi uongo, wamehadaiwa. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la mwanadamu halizisikii sauti zote kwa usawa, na kwamba sauti inapokuwa ndogo, besi na sauti nyembamba za juu hufifia kwanza. Kwa hiyo wimbo uleule, ukiongezwa sauti kidogo tu, huonekana mnene zaidi chini na mng'avu zaidi juu, ingawa haukuongezwa kitu chochote ila ukubwa. Kijana akilinganisha rekodi iliyo juu na iliyo chini bila kuzisawazisha kwanza, atachagua ya juu kila mara, naye ataapa kwamba amechagua ubora. Mtihani wa haki ni rahisi: zisawazishe mbili hizo kwa spika mpaka zilingane kwa sikio, kisha usikilize tena. Nimewafanyia wengi mtihani huu chumbani kwangu, nami sijamwona aliyeichagua ile iliyopasuka zikiisha kulingana.

Yuko pia mtu wa soko, naye hana haja na Fletcher wala Munson. Yeye husema: wimbo wangu utapigwa kwenye daladala ya Kiboriloni baada ya wimbo wa mwingine, na ukiwa mdogo nitaonekana mdogo. Hoja hii naiheshimu, lakini inachanganya kazi mbili zilizo mbali kama kulima na kupika. Kunasa ni kazi moja. Kumalizia, yaani kuupa wimbo uliokamilika ukubwa wake wa kwenda nao sokoni, ni nyingine, na huko kwenye kumalizia ziko kompresa na limita ambazo huuinua wimbo kwa hatua zinazoweza kurudishwa. Mwenye faili safi anaweza kuufanya wimbo mkubwa kadiri apendavyo, na kesho akabadili nia. Mwenye faili iliyopasuka amekwisha kuchaguliwa na ajali. Na hata katika soko lenyewe, mbio hizi zimekosa zawadi. YouTube na Spotify hupima ukubwa wa wimbo kwa wastani na kuushusha uliozidi kiwango chao, kiwango kilicho karibu na 14 chini ya dari kwa kipimo cha ukubwa wa sauti, hivyo aliyeuponda wimbo wake ili aupiku wa jirani hurudishwa penye mstari wa jirani, akiwa amebaki na majeraha tu. Wala si wanyonge pekee waliojikwaa hapa: albamu ya Metallica iitwayo Death Magnetic, ya mwaka 2008, ilitoka imebanwa na kupasuka kiasi kwamba mashabiki wenyewe waliilalamikia hadharani, hasa walipogundua kwamba nyimbo zizo hizo zilisikika safi zaidi ndani ya mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero. Ikiwa kwa fedha na wataalamu wote wale kosa lilikuwa kosa, sijui kwetu litageukaje kuwa mtindo.

Msanii mwenye ujuzi ataniambia kwamba mpasuko nao ni rangi, na kwamba ziko nyimbo ambazo uzuri wake wote ni mkwaruzo wake. Kweli. Wanamuziki wa Konono N°1 wa Kinshasa walizifunga likembe zao kwenye vipaza sauti vya kuungaunga mpaka zikanguruma, na dunia ikawasikiliza walipotoa albamu ya Congotronics mwaka 2004. Lakini tazama mpasuko ule ulitokea wapi: ulitokea kwenye vifaa vyao wenyewe, mbele ya masikio yao, wakausikia, wakaupenda, wakaucheza kama wachezavyo chombo kingine chochote. Mpasuko waliouchagua wapigaji ni muziki, na kazi ya mnasaji ni kuunasa kama ulivyo bila kuuongezea wake. Mpasuko uliomvamia mama wa kwaya kwa sababu fundi alizembea si rangi bali ni doa, na doa halibadiliki kuwa nakshi kwa kuwa limekaa kwenye kanga nzuri.

Na yule wa mwisho, aliyesoma matangazo ya vifaa, atasema kwamba siku hizi kuna vinasa sauti vya biti 32 vya desimali, ambavyo havina dari, kwa hiyo nabishana na tatizo lililokwisha kuzikwa. Vipo, navyo ni vyema kwa mwenye uwezo. Hata hivyo, maiki ina kikomo chake kabla ya tarakimu yoyote, na matarumbeta ya harusini yakipulizwa kwa karibu huweza kuifikisha huko. Na saundi kadi nyingi zinazouzwa kwa watu wa kipato chetu hunasa kwa biti 24, hata kama programu iliyo nyuma yake hufanya hesabu kwa 32. Dari imehamishwa, haijabomolewa, na anayetembea nyumbani mwa wenzake akidhani hawana dari atakuja na nundu.

Maadamu nimekanusha, ni haki niseme nami nafanyaje. Naiweka geini mahali ambapo uimbaji wa kawaida hukaa karibu na 18 chini ya sifuri, na vilele vya kawaida havipiti 12. Sikubali majaribio ya ubeti wa kwanza: namwomba mwalimu awaimbishe pale wimbo unapofika juu kabisa, kayamba zikiwemo, kwa sababu kayamba hutoa vilele vikali vya kufumba na kufumbua ambavyo kipimo cha wastani hakivioni, na kisha napunguza geini kidogo tena, kwa kuwa watu wakirekodiwa huimba kwa nguvu kuliko wakijaribiwa. Naitazama taa ya saundi kadi yenyewe, si picha iliyo kwenye kioo pekee, kwani yaliyokatwa pale mlangoni huweza kuonekana ndani yakiwa madogo na yenye adabu. Matarumbeta nayarudisha nyuma hatua kadhaa, au nabonyeza kitufe cha maiki cha kupunguza, kama kipo. Simu, inayojipandisha na kujishusha sauti yenyewe kila mwimbaji anapopumua, siitumii ila kwa kumbukumbu. Na nikimaliza, wimbo uliokamilika nauacha walau desibeli 1 chini ya dari, kwa sababu unapobanwa kuwa MP3 vilele vyake huweza kuinuka kupita vilivyokuwa. Nafasi hiyo ya juu, ambayo wenzangu huiona ni hasara na woga, mimi nimeipa jina. Naiita nafasi ya vigelegele.

Kwaya ile ilirudi baada ya miezi kadhaa, jambo ambalo nalihesabu kuwa ukarimu wao na si stahiki yangu. Safari hii walianza majaribio kwa ubeti wa tatu, na nilipokwisha kunasa, mwalimu alisogea kwenye kioo, akautazama wimbo wake uliochorwa pale kama uzi mwembamba katikati ya uwazi mpana, akaikunja sura. "Mbona wamekuwa wadogo hivi?" akauliza. Sikumpa somo la biti wala la desibeli. Nilimwonyesha kifundo cha spika kilichokuwa kando ya mkono wake, nikamwambia, "Mwalimu, zungusha mwenyewe, mpaka utosheke." Akazungusha. Ubeti wa kwanza ukajaa chumba, wa pili ukafuata, na ulipofika wa tatu vigelegele vikapanda, vikapinda, vikashuka, kila mtetemo wa ulimi ukisikika peke yake. Na yule mama wa vigelegele, aliyekaa karibu na mlango, akajifunika uso kwa kanga, akicheka, huku wenzake wakimsukumasukuma mabega.